Beta Ameumia: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo kwa Mfugaji Mpya wa Mtwara na Lindi

Ukimkuta beta wako, yule samaki wa mapambo, pezi limechanika, magamba yametoka ubavuni au jicho limetuna, angalia maji kabla hujaulizia dawa. Samaki huyu anajiponya vizuri sana akiachiwa nafasi. Pezi huota upya, gamba hurudi, na hata jicho lililotuna hunywea. Kinachomzuia kupona ni amonia (sumu inayotokana na uchafu wake majini), joto la kupanda na kushuka, na sisi wenyewe tunaomwagia kila kilichomo kabatini. Huku kusini dawa za samaki wa mapambo hazikai kila duka na vifaa vingi huagizwa Dar, mamia ya kilomita kwa basi, kwa hiyo nimeegemea vitu unavyoweza kuvipata leo hii: ndoo, chumvi, jani la mkungu (ule mti wa matunda ya kungu) na macho yako.

Saa ya kwanza

Kama yupo na samaki mwingine, mtenge mara moja. Mchote kwa kikombe. Nyuzi za wavu hunasa pezi lililochanika na kulirarua zaidi. Mweke kwenye ndoo au beseni jeupe la lita 10 ambalo halijawahi kuoshwa kwa sabuni. Weupe unasaidia, maana utaona kinyesi chake, magamba yaliyodondoka na rangi halisi ya kidonda. Nusu ya maji iwe ya tangi lake, nusu maji mapya yaliyotulia (yaliyokaa wazi saa 24), yenye joto lilelile.

Kina kisizidi sentimita 15. Beta hupumua kwa mashavu kama samaki wengine, lakini pia ana kiungo kichwani, kinaitwa labirinthi, ambacho huchukua hewa ya juu ya maji. Lazima apande juu kila baada ya muda kuivuta. Aliyeumia akiwekwa kwenye kina kirefu huchoka kupanda, na anaweza kufa kwa kukosa hewa ndani ya maji safi kabisa. Funika ndoo kwa kanga nyepesi au kipande cha chandarua, ukiacha nafasi ya hewa, kwa sababu beta huruka. Giza kidogo pia humtuliza.

Siku ya kwanza usimpe chakula. Halali njaa kwa maana tunayoijua sisi. Anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asipate shida.

Kama yupo peke yake, tangi lake lina filta iliyokwisha kuzoea (imefanya kazi wiki kadhaa) na jeraha ni dogo, mwache hukohuko. Ndoo haina filta, na kumhamisha ni msukosuko mwingine. Ndoo ni ya yule mwenye kidonda kibaya, anayesumbuliwa na mwenzake, au anayehitaji chumvi.

Pezi limechanika: tazama ukingo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hilo hugharimu wiki nzima ya dawa isiyo na kazi. Washa tochi ya simu, uiweke nyuma ya samaki ili mwanga upite katikati ya pezi, kisha tazama ukingo wa sehemu iliyochanika.

Ukingo ukiwa na rangi ileile ya pezi, umekatika wazi, na nyama kati ya miiba ya pezi iko safi, hilo ni jeraha la kukwaruzwa au kung'atwa. Halihitaji dawa. Linahitaji maji safi na chanzo chake kiondolewe.

Ukingo ukiwa mweusi, wa kahawia au mwekundu, umelegea na kunyofoka vipande vidogo, na pezi linazidi kufupika kuelekea mwilini kila unapotazama, hilo ni pezi linalooza. Ni kazi ya bakteria, na bakteria hao wamo majini siku zote. Wanachosubiri ni samaki dhaifu na maji mabaya. Mpige picha kila asubuhi akiwa upande uleule. Jicho lako litakudanganya, picha haitakudanganya.

Kuna hali ya tatu ambayo ni habari njema: ukingo wenye utando mwembamba usio na rangi, karibu uwazi kama kioo. Hilo ni pezi jipya linaota. Usilidhanie ukungu ukaanza kulimwagia dawa. Rangi itakuja baadaye, na wakati mwingine haifanani sawasawa na ya zamani.

Chanzo cha mchaniko

Anza na mapambo. Chukua kipande cha soksi nyepesi ya nailoni, ukipitishe juu ya kila jani la plastiki, kila jiwe na kila tundu la filta. Kinaponasa soksi, ndipo kinaponasa pezi.

Huku kwetu kuna chanzo ambacho miongozo ya mbali haikitaji: makombe na vipande vya matumbawe vya kuokota ufukweni. Vinapendeza, navyo vipo tele kuanzia Shangani hadi Mikindani na ufukwe wa Lindi. Lakini kingo zake hukata, na tena ni chokaa inayoyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ipande. Kama hujui jiwe lako ni la aina gani, likaushe, ulikamulie ndimu au ulidondoshee siki. Likitoa mapovu madogomadogo yenye sauti ya kuchemka, lina chokaa, litoe. Matumbawe yana sababu nyingine ya kuachwa yalipo: ni nyumba ya samaki wa baharini, na pwani yetu ina eneo la hifadhi, ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako si mahali pa kuokota mapambo.

Baada ya mapambo, angalia majirani. Madume wawili wa beta hawakai pamoja hata dakika tano, na kipande cha kioo katikati hakitoshi kama bado wanaonana mchana kutwa. Hata dume aliye peke yake anaweza kujichosha akitunishia mashavu kivuli chake mwenyewe kwenye kioo, hasa taa ya tangi ikiwaka na chumba kikiwa giza. Bandika karatasi upande huo.

Mwisho, beta mwenye mkia mrefu sana wakati mwingine hujing'ata mwenyewe. Utalijua hili kwa pengo la nusu duara linalotokea ghafla usiku mmoja, kwenye mkia tu, mahali anapofikia mdomo wake. Mara nyingi ni msongo: tangi dogo, mkondo mkali wa filta, au kelele za spika zilizo kwenye meza ileile. Nimeona watu wengi wakiweka tangi juu ya friji. Pale pana joto na mtikisiko siku nzima, mhamishe.

Maji yenyewe

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye mzizi wa matatizo mengi.

Amonia hutoka kwenye mashavu ya samaki, kinyesi na chakula kilichobaki. Katika tangi lililozoea, bakteria wazuri wanaoishi kwenye filta na kokoto huibadilisha kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ndiyo maana beta wengi huumwa mwezi wa kwanza, wakati mwenye tangi anashangaa kwamba kila kitu ni kipya na kinang'aa.

Sasa ongeza mazingira yetu. Amonia ikiwa majini hugawanyika katika hali mbili, moja ina sumu kali na nyingine ni pole. pH ikipanda daraja moja, tuseme kutoka 7 hadi 8, ile sehemu kali huongezeka karibu mara 10, na joto nalo huiongeza. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji magumu. Utaona ukoko mweupe ndani ya birika. Basi kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa nchi yenye baridi angekivumilia, huku kinaunguza mashavu. Dalili zake ni hizi: mashavu mekundu au ya zambarau, michirizi ya damu kwenye mapezi, kupumua haraka, kulala chini na kukataa chakula. Ukiwa na kipimo, amonia na nitriti zinatakiwa zisome 0. Usipokuwa na kipimo, chukulia kwamba tangi jipya lina amonia, ubadilishe robo hadi theluthi ya maji kila siku hadi samaki atulie. Kwenye ndoo isiyo na filta badilisha nusu kila siku, bila kuruka.

Maji ya kisima yakiwa magumu lakini hayana chumvi, beta atayazoea mradi yasibadilikebadilike. Kuliko kupambana na pH kwa vitu vya kuongeza na kupunguza, ni heri kuitunza ilipo na kuondoa amonia. Wakati wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, unaweza kukinga maji ya bati safi baada ya mvua za mwanzo kuliosha, ukayachanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Maji ya mvua matupu hayana madini ya kutosha, usiyatumie peke yake.

Maji ya bomba yana klorini inayoua bakteria wazuri na kuunguza mashavu. Yaache saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi. Dumu lililofungwa kifuniko halihesabiki; klorini haina pa kutokea, hata likikaa wiki. Kama una dawa ya kuondoa klorini, tumia kipimo cha kwenye chupa.

Kuhusu joto, beta anataka nyuzi 25 hadi 28. Karibu mwaka mzima hapa hakuna haja ya hita. Shida inayotukuta ni tangi dogo kwenye dirisha la magharibi: jua la saa tisa linalipasha, usiku wa kusi mwezi wa Julai unalipoza, na samaki anapata homa mbili kwa siku moja. Liweke mahali penye kivuli, mbali na dirisha. Kwenye kubadilisha maji, tofauti isizidi nyuzi 2.

Kidonda ubavuni, au magamba yametoka

Kidonda kilicho chekundu kidogo na safi kitajifunga. Kinachotisha ni samaki wa maji baridi kuwa na mwili wenye chumvi zaidi ya maji yanayomzunguka: maji huingia mwilini muda wote kupitia kidonda, na figo zinafanya kazi ya ziada kuyatoa. Chumvi kidogo majini hupunguza mzigo huo. Pia husaidia nitriti ikiwa juu.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 1 kwa lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa lita 5 au 6. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji, uimimine polepole, usiimwage juu ya samaki. Kidonda kikiwa kibaya, ongeza taratibu siku inayofuata hadi gramu 2 kwa lita. Usizidishe siku 10. Chumvi ya mawe ya mashamba ya chumvi ya Lindi inafaa ikiwa safi, haina mchanga. Chumvi ya mezani yenye madini joto nayo haimdhuru kwa kiasi hiki.

Jambo moja huwaponyoka wengi: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo. Jazia maji matupu. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya zile lita ulizotoa tu. Na yafanye yote haya kwenye ndoo, maana mimea na konokono wa tangi hawaipendi.

Jani la mkungu ni zawadi ya pwani yetu. Wafugaji wa beta kote duniani huyanunua majani haya kwa pesa, sisi yanatuangukia barabarani. Okota jani lililokauka na kuanguka lenyewe, la kahawia, mbali na barabara yenye moshi na mahali palipopuliziwa dawa. Lisuuze, limwagie maji ya moto, lipoe, kisha liweke: jani moja kwa lita 20 hivi, kipande tu kwa ndoo. Maji yatageuka rangi ya chai. Utomvu wake huwazuia kidogo bakteria na ukungu, na giza lake humtuliza samaki. Ni msaidizi, haliponyi pezi linalooza peke yake, wala halitashusha pH ya maji magumu kwa kiasi cha maana.

Kitu cheupe mwilini

Nyuzi nyeupe zinazopepea kama pamba juu ya kidonda ni ukungu. Huota kwenye nyama iliyokufa, huenda polepole, na chumvi pamoja na maji safi mara nyingi huutosha.

Baka la kijivu lililolala bapa mgongoni au mdomoni, linalopanuka kati ya asubuhi na jioni, ni la bakteria na ni jambo la dharura. Ugonjwa huu hupenda joto, kwa hiyo usimpashe samaki kwa kufuata ushauri uliokusudiwa magonjwa mengine. Mweke sehemu ya nyumba yenye ubaridi zaidi, badilisha maji, tafuta mtaalamu siku hiyohiyo.

Vidoa vyeupe vilivyotawanyika mwili mzima ni vimelea. Vumbi la dhahabu linaloonekana kwa tochi ni vimelea wengine. Hayo si majeraha na yanataka dawa yake.

Jicho limetuna

Jicho moja: mara nyingi aligonga kitu. Maji safi, subira ya wiki mbili au zaidi. Macho yote mawili: tatizo limo mwilini au majini, rudi kwenye amonia.

Anahema juu juu, au amelala chini

Kupanda juu mara mojamoja kuvuta hewa ni kawaida yake. Kuning'inia juu muda wote huku mashavu yakipiga haraka si kawaida. Kwanza fikiria amonia, halafu joto, halafu utando wa mafuta juu ya maji, hasa tangi likiwa karibu na jiko la kukaangia. Uondoe kwa kulaza karatasi safi ya jikoni juu ya maji na kuinyanyua.

Beta mzima naye hupenda kulala juu ya jani au chini. Gusa maji kwa kidole: akija kwako, alikuwa anapumzika.

Tumbo limevimba

Akiwa bado mchangamfu, huenda amekula kupita kiasi. Mfungishe siku mbili. Lakini mtazame kutoka juu: magamba yakiwa yamesimama pande zote, figo zimeshindwa, na wachache sana hurudi kutoka hapo. Asipokula tena na ameshindwa kupanda kuvuta hewa, kumwacha ateseke si upole. Mafuta ya karafuu humlaza: tikisa matone machache na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, mimina kidogo kidogo hadi alale kabisa, kisha ongeza zaidi, umwache nusu saa baada ya mashavu kuacha kucheza. Mfukie. Usimmwage chooni, na samaki aliye hai usimwachie mtoni wala bwawani.

Dawa za duka la dawa

Kijana mmoja wa Chikongola aliniuliza: "Kaka, kachanika mkia, nimpake GV?" Hapana, mdogo wangu. GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ni sumu kwa samaki ukikosea kidogo tu, na haifanani na ile dawa ya bluu ya wafugaji (methylene blue) ila kwa rangi. Spiriti na iodini hazikanyagi ndoo yake. Na vidonge vya tetrasaiklini kufunguliwa na kumwagwa tangini ni tabia ninayoipinga kwa moyo wote: huua bakteria wazuri, amonia inapanda, kipimo hakijulikani, na bakteria wanaobaki hujifunza kuihimili dawa inayotibu watu nyumbani kwako. Pezi likizidi kuoza baada ya siku nne au tano za maji safi na chumvi, ulizia kwa daktari wa mifugo au afisa uvuvi. Walio karibu na Mikindani wana kampasi ya chuo cha uvuvi, FETA. Kubisha hodi hakugharimu kitu.

Chakula cha mgonjwa

Kuanzia siku ya pili, punje mbili au tatu za chakula chake asubuhi na jioni. Kinachobaki baada ya dakika tano, kitoe. Viluwiluwi wa mbu wanampa hamu ya kula vizuri kuliko kitu chochote, ila wakinge kwenye chombo chenye maji safi kilichofunikwa kwa chandarua na usiwaache wakomae. Hatutaki kumponya samaki kwa kuwaletea malaria majirani. Dagaa wa baharini waliokaushwa kwa chumvi hawamfai.

Kumrudisha tangini

Ukingo wa pezi ukishakuwa na ule utando mpya, anakula, na picha za siku tano hazionyeshi kufupika, anza kupunguza chumvi kwa kubadilisha nusu ya maji ya ndoo kila siku bila kuirudisha. Baada ya siku tatu au nne, mtie kwenye kikombe, kiegemeze ndani ya tangi, umwongezee maji ya tangi vijiko vichache kila dakika tano kwa nusu saa, kisha mwache atoke mwenyewe. Zima taa ya tangi hadi kesho yake. Ndoo ioshe kwa maji ya moto na siki, ianike juani, na uiandike kwa kalamu ya rangi "SAMAKI" ili mtu asije akafulia.